Anwani Nyingi, Sanduku Moja

Kama umeketi karibu na redio hapa Lubumbashi, kaa vizuri. Kama uko ndani ya basi kuelekea Katuba au Ruashi, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Leo tunazungumza habari za barua pepe, na wewe uliyekwisha kusema moyoni kwamba hayo ni mambo ya watu wa ofisi, ngoja kwanza.

Naanza na swali. Una anwani ngapi za barua pepe? Usinijibu haraka, hesabu polepole. Kuna ile ya yahoo.fr uliyofungua zamani kwenye siberi ya intaneti, kijana wa siberi akiandika na wewe ukimtajia jina na tarehe ya kuzaliwa. Kuna ya Gmail iliyofunguliwa siku uliponunua telefone ya Android, muuzaji akakutengenezea palepale juu ya meza yake ili uweze kupakua WhatsApp. Telefone ikaharibika, ukanunua nyingine, na muuzaji mwingine akafungua Gmail nyingine. Kuna ya kazini. Kuna ya masomo, kama ulipita chuo. Na kama una kampuni ndogo, kuna yenye jina la kampuni, ile uliyoandikisha ukutani kwa rangi chini ya namba ya telefone. Tunahesabu tano au sita sasa, na hatujagusa zile ulizosahau.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kati ya hizo zote, umefungua ngapi juma hili?

Naona wengine wanacheka. Lakini jibu la ombi la masomo linaweza kuwa limelala humo. Tarehe ya kwenda ubalozini inaweza kuwa imelala humo. Barua ya kampuni ya mgodi inayoomba bei ya kazi, yenye siku ya mwisho ya kujibu, nayo inaweza kuwa imelala humo, na siku ile imekwisha kupita. Wapo wanaosema barua pepe imekufa, siku hizi kila kitu ni WhatsApp. Mwambie hivyo mtu anayeomba visa, uone atakavyokutazama.

Basi ninachotaka kusema leo ni kimoja, nami nitakirudia: anwani zinaweza kuwa nyingi, lakini sanduku la kusomea liwe moja. Hakuna haja ya kufunga anwani zako za zamani, wala ya kuzunguka kila asubuhi kutoka moja hadi nyingine ukila mega zako bure. Unachagua nyumba moja, na barua zote zinakuja kukukuta hapo.

Kwanza tuulize, tulifikaje hapa? Si kwamba watu wetu wanapenda fujo. Hotmail ilifunguliwa Julai 1996, Yahoo ikaleta ya kwake mwaka 1997, na wakati ule sanduku la bure lilikuwa dogo, megabaiti chache tu. Likijaa, barua mpya hazikuingia. Ulifuta za zamani, au ulifungua anwani nyingine. Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiahidi gigabaiti nzima, watu walidhani ni mzaha wa siku ile. Haukuwa mzaha, na wengi wakahamia huko. Lakini ni nani aliyewaandikia jamaa zake wote kuwaambia kwamba amehama? Anwani ya zamani ikabaki kwenye karatasi za watu, kwenye fomu, kwenye kuta.

Na tukumbuke kwamba nchi yetu yenyewe imewahi kubadilisha anwani. Wakati wa Zaïre, mwisho wa anwani za nchi kwenye intaneti ulikuwa nukta zr. Jina la nchi likabadilika Mei 1997, ikaja nukta cd, na nukta zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Mwenye anwani ya nukta zr hakuwa na la kufanya. Sisi wa hapa tumeyazoea mambo haya. Mji huu uliitwa Élisabethville hadi 1966. Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa, nasi tukawa Haut-Katanga. Ukipokea barua leo iliyoandikwa Shaba, utaisoma, maana wewe hujahama.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo kiini kilipo. Anwani ni kitu kimoja, sanduku ni kitu kingine. Wazee wetu walilijua hili kabla ya intaneti. Posta haikuleta barua nyumbani katika mitaa ya Kamalondo wala Kenya. Barua ilikwenda kwenye B.P., yaani sanduku la posta, na wengi hawakuwa na B.P. yao. Walitumia ya kampuni, ya parokia, ya shule. Juu ya bahasha paliandikwa jina lako, na chini yake S/C, yaani kupitia kwa fulani, kisha jina la padri au la mkuu wa shule. Chuo Kikuu chetu kule Kasapa kilijulikana kwa B.P. 1825: profesa, mwanafunzi, karani, wote barua zao zilipita hapo. Majina mengi juu ya bahasha, sanduku moja, na ufunguo mikononi mwa mtu anayejulikana. Tunachotafuta leo ni hicho hicho.

Hata anwani ya barua pepe ilibuniwa hivyo. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, alitafuta alama ya kumtenganisha mtu na kompyuta anayoitumia, akachagua ile a iliyozungushiwa mkia, ambayo sisi tunaiita arobazi. Kushoto ni mtu, kulia ni nyumba anamopokelea. Ukisoma anwani yako kwa jicho hilo, utaona mara moja ni nani mwenye nyumba. Kulia pameandikwa Yahoo? Nyumba ni ya Yahoo. Pameandikwa jina la mwajiri wako? Nyumba ni ya mwajiri. Tutarudi kwa mwajiri baada ya kitambo kidogo.

Tunafanyaje, basi? Chagua nyumba. Ichague ile ambayo neno la siri unalijua wewe mwenyewe, si muuzaji wa telefone. Isiwe ya kazini. Na iwe na nafasi. Kwa watu wengi hapa mjini itakuwa Gmail, kwa sababu imo tayari ndani ya telefone. Lakini jihadhari: zile gigabaiti 15 za bure ambazo Google inakupa si za barua peke yake. Picha zako unazozihifadhi huko zimo, faili zimo, na siku hizi hata nakala ya mazungumzo yako ya WhatsApp imo. Zikijaa, barua hazikufikii tena. Mtu anayekuandikia anarudishiwa barua yake, na wewe unakaa ukishangaa kwa nini dunia imenyamaza. Video za harusi zimekula nafasi ya barua ya kazi. Zifute, au zihamishie mahali pengine.

Ukisha kuchagua nyumba, nenda kwenye kila anwani ya zamani, uiambie: barua yoyote inayokuja hapa, ielekeze kule. Kama ile ya zamani ni Gmail pia, tumia kompyuta, au fungua Gmail ndani ya kivinjari cha telefone kwa sura ya kompyuta, maana programu ya Gmail ya telefone haina mlango huo. Ingia kwenye “Paramètres”, kisha “Transfert et POP/IMAP”. Andika anwani ya nyumba yako mpya. Barua ya kuthibitisha itatumwa kule mpya, uende ukaifungue na kukubali. Halafu rudi kwenye ile ya zamani, chagua kwamba barua zielekezwe, uiambie ibaki na nakala, na ubonyeze kitufe cha kuhifadhi kilicho chini ya ukurasa. Wengi wanafanya yote wanasahau kitufe hicho cha mwisho, kisha wanalalamika kwamba haifanyi kazi. Narudia: thibitisha kule mpya, rudi kule zamani, hifadhi. Kisha jiandikie barua ya majaribio. Usipoiona, tazama kwenye barua taka kabla ya kukata tamaa.

Outlook, yaani ile iliyokuwa Hotmail, nayo inakubali kuelekeza barua. Yahoo ndiyo yenye kichwa kigumu. Tangu Januari 2021 imewanyima watu wa bure njia ya kuelekeza barua, na anayeitaka analipa. Zamani mtu alikuwa akikwepa kwa kuiambia Gmail iende Yahoo kuchota barua zenyewe. Kuna bandugu ambao bado wanafundisha njia hiyo. Waambieni kwamba Google ilitangaza kuiondoa kwenye Gmail ya wavuti kuanzia Januari 2026. Usipoteze mchana mzima kuitafuta.

Mwenye yahoo.fr afanye nini, basi? Asiitupe. Afungue programu ya Gmail kwenye telefone, abonyeze ile picha yake ya mviringo iliyo juu kulia, aongeze akaunti, achague Yahoo, aandike neno lake la siri la Yahoo. Barua hazihami, zinabaki Yahoo, lakini anazisoma hapo hapo. Kisha kwenye orodha ya kushoto achague “Toutes les boîtes de réception”, na barua za anwani zote zitapangwa kwenye mstari mmoja, mpya ikiwa juu. Kwa mtu ambaye hana kompyuta, na ambaye umeme wa SNEL unamkatikia anapouhitaji, hiyo peke yake inatosha. Pole pole, barua ikiingia kupitia Yahoo, anamjibu aliyeiandika: ndugu, siku hizi niandikie huku.

Haya, tumepokea. Kujibu je?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza kazi. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliyozipa kampuni za Wakongomani kazi za sous-traitance, vijana wengi wa hapa wamefungua kampuni ndogo: usafi, usafirishaji, chakula cha wafanyakazi, umeme. Chukua mwenye kampuni ya usafi huko Kampemba. Kampuni yake imeandikishwa kwa anwani yenye jina la kampuni. Mgodi unamwandikia kwenye anwani hiyo, barua inaelekezwa kwenye Gmail yake ya nyumbani, anaisoma jioni, anafurahi, anajibu upesi. Lakini jibu linatoka na anwani gani? Linatoka na ile ya Gmail ya ujanani, yenye jina la utani na mwaka wa kuzaliwa. Karani wa manunuzi kule mgodini anapokea bei kutoka kwa mtu asiyemjua mwenye jina la kuchekesha. Wewe ungefanya nini? Angalau ungeshuku. Pengine usingeifungua kabisa.

Dawa ipo. Kwenye Gmail ya kompyuta, ingia “Paramètres”, kisha “Comptes et importation”, utafute mahali palipoandikwa “Envoyer des e-mails en tant que”. Hapo unaongeza ile anwani nyingine. Kama ni Gmail, watakutumia barua ya kuthibitisha tu. Kama ni ya kampuni, watakuuliza jina la seva ya kutumia barua na neno la siri. Hayo muulize aliyekutengenezea anwani za kampuni, naye ana wajibu wa kukupa. Ukimaliza, chini kidogo, chagua kwamba barua ijibiwe na anwani ile ile iliyoandikiwa. Kuanzia hapo, aliyekuandikia kwa jina la kampuni anajibiwa na kampuni, na shangazi aliyekuandikia kwa ile ya zamani anajibiwa na mtu anayemjua. Yote ukiwa umeketi mahali pamoja. Hata hivyo, kabla ya kutuma, tupa jicho kwenye mstari wa “De”. Ni sekunde moja.

Kupanga barua ndani ya sanduku sitakawia nako. Gmail inakuwezesha kuweka lebo, moja kwa kila anwani, na kichujio kinachobandika lebo hiyo barua inapoingia. Rangi moja kwa kazi, nyingine kwa familia. Kuna na ujanja mdogo ninaoupenda: kabla ya arobazi unaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote, tuseme “masomo” au “duka”, na barua itakufikia vilevile. Ukijiandikisha mahali kwa anwani yenye neno “duka”, halafu ukaanza kupokea matangazo ya ajabu yaliyotumwa kwa anwani hiyo hiyo, unajua ni nani aliyekuuza.

Niliahidi kurudi kwa mwajiri. Sikilizeni, wafanyakazi wa migodi, wa benki, wa mashirika: ya kazini msiielekeze kwenye sanduku lenu la nyumbani. Najua tumesema sanduku moja. Hapa nasema hapana. Barua zile ni mali ya mwajiri, na sehemu nyingi kanuni za kazi zinakataza kuzitoa nje. Ndani yake kuna mishahara ya watu, kuna siri za wateja. Tunayo hata sheria, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu binafsi. Acha ya kazini ikae kazini.

Na upande wa pili ni muhimu vilevile: mambo yako usiyaandikishe kwa anwani ya kazini. Benki yako, shule ya watoto, Facebook yako, visa, ombi la kazi nyingine (naam, wapo wanaoomba kazi nyingine kwa anwani ya mwajiri!). Mkataba unakwisha Ijumaa, Jumatatu anwani imefungwa, na wewe umefungiwa nje pamoja na kila kitu kilichokuwa kinapitia hapo. Huko Fungurume na Kolwezi mikataba inakuja na kwenda, mnajua wenyewe.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Nimesema padri alikuwa na ufunguo wa B.P., na watu walimwamini. Ukiweka barua zako zote mahali pamoja, mwizi naye ana mlango mmoja tu wa kuvunja. Sitawaficha hilo. Akiingia hapo, hasomi barua tu. Anakwenda Facebook, anakwenda kila mahali, anabonyeza “nimesahau neno la siri”, na neno jipya linamjia yeye.

Kwa hiyo weka kufuli mbili: neno la siri, na baada yake uthibitisho wa pili kwenye telefone. Lakini hapa Lubumbashi uthibitisho huo una tatizo lake. Mtu ana laini ya Vodacom, ya Airtel na ya Orange, anahama kufuatana na bei ya mega. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inachukuliwa na kampuni na kuuzwa kwa mwingine. Je, namba uliyoiandika kwenye akaunti yako miaka ile bado ni yako? Au sasa iko mfukoni mwa kijana wa Kasenga asiyekujua? Ukiomba namba ya siri, atakayeipokea ni yeye. Fungua akaunti yako leo uangalie ni namba gani imeandikwa humo. Namba ya M-Pesa au ya Airtel Money ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu yenye pesa huiachi ife. Tena, Google inakupa misimbo kumi ya akiba ya kutumia siku telefone inapoibiwa. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na karatasi za kiwanja. Usiipige picha ukaiacha ndani ya telefone ile ile.

Kuna na hatari moja ambayo watu hawaisemi. Kule kuelekeza barua tulikojifunza leo, mwizi anakujua pia. Akikaa dakika chache mbele ya sanduku lako, kwa mfano ulipotoka siberi bila kujifungia, hafuti chochote, habadilishi chochote. Anaandika tu amri moja: nakala ya kila barua inayokuja hapa, itumwe kwangu. Kisha anaondoka. Wewe unaendelea na maisha yako. Unazungumza na muuzaji wa Guangzhou, wa Dubai, wa Johannesburg. Mnakubaliana bei, yeye akisoma. Ankara inakuja. Siku ile ile inakuja barua nyingine, yenye jina la muuzaji, inasema: samahani, tumebadilisha benki, tuma pesa kwenye akaunti hii. Unatuma. Juma linapita, na muuzaji wa kweli anakuuliza pesa ziko wapi.

Nini cha kufanya? Mambo mawili. La kwanza, barua ya kubadilisha akaunti ya benki usiiamini hata ikitoka kwa mtu unayemjua. Mpigie simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua. La pili, pita mara kwa mara kwenye “Transfert” na kwenye “Filtres”, uone kama kuna anwani usiyoiweka wewe. Na mlijue hili: kubadilisha neno la siri hakufuti amri hiyo. Unaweza kubadilisha neno la siri kila mwezi na barua zako zikaendelea kwenda kwa mwizi. Narudia kwa sababu ni zito: neno la siri jipya halimzuii aliyekwisha kuelekeza barua zako. Ni lazima uifute ile amri yenyewe.

Wengine mtaniuliza: kama ni hivyo, si bora kuacha anwani za zamani zife zenyewe? Hapana. Mwaka 2013 Yahoo iliamua kwamba majina yaliyokaa zaidi ya mwaka bila kutumiwa yagawiwe watu wengine. Waliopewa majina hayo wakaanza kupokea barua zilizokusudiwa wenye majina wa kwanza: habari za benki, habari za hospitali. Anwani unayoiacha bado imeandikwa mahali fulani kama yako. Kwa kanuni za sasa Yahoo inaweza kufunga sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12, na Google inaweza kufuta akaunti iliyolala miaka 2. Kwa hiyo hata zile za zamani zipitie, ingia kwa mikono yako, soma barua moja, utoke. Na hasa uzibadilishie neno la siri, kwa sababu mwaka ule ule wa 2013 wezi waliiba habari za akaunti zote za Yahoo, bilioni 3, na dunia ilikuja kuelezwa ukubwa wa wizi huo mwaka 2017. Kama yahoo.fr yako bado ina neno la siri la siku za siberi, hilo si siri tena.

Limebaki swali la wenye kampuni, na la vyama, likelemba, kwaya: tufungue anwani gani ambayo haitatuyumbisha? Kama mna uwezo wa kulipa kila mwaka, chukueni jina lenu wenyewe la kuandika kulia kwa arobazi, tuseme lenye nukta cd. Nukta cd iko chini ya shirika la posta na simu, ile OCPT ya zamani ambayo leo ni SCPT, kwa hiyo posta bado inatushikia anwani. Uzuri wa jina lako mwenyewe ni kwamba mkichoka na mtoa huduma huyu mnahamia kwa mwingine, na anwani haibadiliki. Katibu akiondoka, barua za katibu zinaelekezwa kwa katibu mpya.

Lakini kabla ya kulipa, ulizeni jina hilo linaandikishwa kwa nani. Mara nyingi kijana anayetengeneza tovuti analiandikisha kwa jina lake na kwa anwani yake ya Gmail, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Siku akihamia Kinshasa au Bulaya, mnaomba ufunguo kwa mtu asiyepokea simu. Mwombeni awaonyeshe leo, wakati bado mnaelewana, na kama jina lililoandikwa humo si la chama wala la kampuni, libadilishwe kabla ya malipo ya mwaka ujao.